Farasi, Barafu na Shukrani za Asubuhi

Farasi mzima wa kilo 500 hivi hunywa karibu lita 40 za maji kwa siku. Katika miezi ya joto hapa Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani linalopakana na Kanada, hakuna anayeliona hilo kuwa jambo. Farasi yuko malishoni, na majani mabichi anayoyala ni maji kwa zaidi ya nusu ya uzito wake. Novemba ikiingia, majani hayo yamekwisha. Mnyama yuleyule sasa hulishwa nyasi zilizokatwa na kukaushwa, ambazo maji yake hayafiki asilimia 15. Haja yake ya maji ya kunywa huongezeka katika msimu uleule ambao maji yote juu ya ardhi yameganda. Ndiyo maana wafugaji wa farasi wa huku wakikutana dukani mwezi wa Januari, swali la mwanzo huwa ni kama farasi wanakunywa.

Sababu iko tumboni. Farasi hacheui kama ng'ombe, wala hawezi kutapika. Akila nyasi kavu bila maji ya kutosha, chakula hukauka na kujazana katika utumbo mpana, na hapo huanza msokoto wa tumbo unaoweza kumuua kabla daktari wa mifugo hajapita katika barabara zilizofunikwa na theluji. Wapo wanaodhani theluji yenyewe itamkata kiu. Kweli huila, lakini sehemu kubwa ya theluji ni hewa. Ili apate lita moja ya maji lazima ale theluji yenye ujazo mkubwa mara kadhaa na kuiyeyusha kwa joto la mwili wake, joto ambalo usiku wa namna hiyo analihitaji lote.

Kwa hiyo siku huanza kwa maji. Bomba la uani huku lina ufundi wake: vali yake imezikwa zaidi ya mita moja chini, mahali ambapo ardhi haigandi hata katikati ya msimu, na ukilifunga, maji yaliyobaki ndani hushuka yakanywewa na kokoto zilizofukiwa chini yake. Tangi la kunyweshea lina kipasha maji cha umeme. Umeme ukikatika usiku, asubuhi utaikuta barafu ya unene wa kiganja na farasi wamesimama wakiingoja ipasuliwe. Mpira wa maji lazima ukung'utwe wote kila baada ya kutumika, la sivyo kesho yake haukunjuki. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walipima jambo hili wakaona kwamba wakati wa baridi farasi wadogo waliopewa maji yaliyopashwa moto pekee walikunywa karibu asilimia 40 zaidi ya waliopewa maji yanayokaribia kuganda. Ajabu ni kwamba wanyama hawa wakiwekewa aina zote mbili kwa pamoja, huyaendea yale ya baridi na kuyaacha ya moto. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na tangu hapo ninapopasha maji moto sibakishi ndoo ya baridi karibu.

Mimi ni mtu wa Lamu. Katika kisiwa chetu mnyama wa kazi ni punda. Ndiye abebaye matofali ya matumbawe, saruji, mchanga na magunia ya unga katika vichochoro visivyopitika kwa gari, na tangu 1987 pana zahanati pale mjini inayomtibu. Farasi hatukumzoea. Pwani na bara la Afrika Mashariki, mbung'o kwa upande mmoja na ugonjwa wa farasi unaoenezwa na usubi kwa upande wa pili vilihakikisha kwamba yeye ni mnyama wa masultani na wa viwanja vya mbio, asiwe wa mkulima. Sultani Sayyid Said alikuwa na farasi wake Unguja, na merikebu yake Sultana ilipotia nanga New York mwaka 1840, ikiwa na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, miongoni mwa zawadi alizompelekea Rais Martin Van Buren walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Kila nikifikiria safari hiyo huwafikiria wale waliokuwa chini sitahani wakiwanywesha wanyama kwa miezi ile yote baharini. Majina yao hayatajwi popote ninapojua.

Wakenya wa Minnesota ni wengi, hasa katika vitongoji vya Minneapolis kama Brooklyn Park, na wengi wetu kazi yetu ni kutunza wazee na wagonjwa. Ndiyo kazi yangu ya juma. Mwisho wa juma huenda shambani, magharibi ya jiji, kwenye banda la farasi la mama mmoja aliyepita miaka sabini. Yeye hutaka nimwite kwa jina lake kama wanavyofanya wote. Sijaweza. Kwetu mtu wa umri huo haitwi kwa jina tupu, kwa hiyo namwita Mama, naye ameshaitikia. Nilikwenda mara ya kwanza kwa sababu alihitaji mtu wa kunyanyua marobota ya nyasi. Nimeendelea kwenda kwa sababu ambayo imenichukua muda kuielewa, na ndiyo inayoniandikisha makala haya.

Mama yangu mzazi, nikimpigia simu Lamu kumsimulia, huniuliza farasi hao wananilipa nini. Kisha hujijibu: asante ya punda ni mateke. Simbishii, maana mateke ya punda anayajua kuliko mimi. Lakini methali hiyo ina haki upande mmoja tu. Imesemwa na mtu anayengoja kurudishiwa fadhila. Katika banda la farasi wakati wa baridi, anayengoja kurudishiwa ataacha kazi kabla ya Krismasi. Farasi hakushukuru kwa maji. Akisikia ndoo hukusukuma kwa kichwa ili afike mbele. Shukrani niliyoikuta huko inatoka kwangu mwenyewe, na ilianzia kwenye vitu ambavyo zamani nisingevitazama hata mara moja. Kina cha maji tangini kikiwa kimeshuka kuliko nilivyokiacha jana usiku, moyo wangu hutulia. Nikikuta samadi mbichi inayofuka mvuke juu ya theluji, nasema alhamdulillahi kwa sauti, kwa sababu samadi hiyo inaniambia kwamba utumbo wa mnyama unafanya kazi na usiku umepita salama.

Nilipoanza nilidhani kazi yetu ni kuwapa farasi joto. Mama alinirekebisha mapema. Joto wanalo wao wenyewe, sisi tunawapa vya kulitengenezea. Katika utumbo mpana wa farasi huishi vijidudu visivyohesabika vinavyochachusha nyuzinyuzi za nyasi, na kazi hiyo hutoa joto kwa saa nyingi mfululizo. Nafaka haitoi joto la namna hiyo kwa kiasi hicho. Ndiyo maana usiku wa baridi kali farasi haongezewi nafaka, huongezewa nyasi, na nyingi zaidi hutolewa jioni ili moto huo wa ndani uwake hadi alfajiri. Farasi aliyeota manyoya yake ya msimu hustahimili hadi nyuzi 8 hivi chini ya sifuri bila kutumia nguvu ya ziada. Chini ya hapo, kila nyuzi moja inayoshuka humdai chakula zaidi. Akiwa amelowa, mpaka huo hupanda hadi juu ya sifuri. Adui mkubwa, basi, ni mvua ya baridi na upepo kuliko kipimo cha joto chenyewe. Farasi mwenye afya aliye na kibanda cha kuta tatu, kilichoupa upepo mgongo, huweza kukesha hata nyuzi 40 chini ya sifuri.

Manyoya hayo yananistaajabisha hadi leo. Hayaoti kwa sababu ya baridi. Yanafuata mwanga: siku zinapoanza kupungua baada ya Juni, mwili wa farasi hupata habari na kuanza kujiandaa wakati sisi bado tumevaa fulana. Mtu aliyezaliwa karibu na ikweta, ambako jua huchomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima, huona vigumu kuamini kwamba katikati ya Desemba hapa urefu wa mchana haufiki saa tisa. Farasi anajua. Baridi ikizidi, kila unywele husimama na kushika hewa katikati yake. Unaweza kuona theluji imelala mgongoni mwa farasi bila kuyeyuka. Mgeni akiona hivyo humhurumia mnyama, kumbe ndiyo dalili njema kabisa, kwa kuwa joto lake halivuji. Miguu nayo, chini ya goti, ina mishipa na mifupa kuliko nyama, na kwato huweza kukaa kwenye theluji bila kudhurika kwa namna ambayo vidole vyangu ndani ya soksi mbili haviwezi.

Lakini manyoya hayohayo huficha. Farasi anaweza kukonda mwezi mzima chini yake asijulikane. Kwa hiyo unavua glavu. Kwenye baridi ya namna hii kuvua glavu ni uamuzi, lakini hakuna njia nyingine: unapitisha vidole ubavuni, ukikandamiza, utafute mbavu. Mwaka 1983 mtafiti Don Henneke wa Chuo Kikuu cha Texas A&M alitunga kipimo cha unono wa farasi kuanzia 1 hadi 9, na tangu hapo wafugaji wengi hukitumia. Mbavu zisizoonekana lakini zinazoguswa kwa urahisi ni namba 5, na hapo ndipo tunapotaka wawe, au juu yake kidogo msimu ukianza. Mama huandika namba hizo ubaoni kwa chaki. Nimesimama mbele ya ubao ule mara nyingi nikisoma namba zilezile, 5, 5, 6, 5, nikahisi furaha ambayo mishahara michache imewahi kunipa.

Wanaoishi hapa wanaikumbuka baridi ya mwisho wa Januari 2019, wakati hewa ya ncha ya kaskazini iliposhuka hadi katikati ya Marekani. Tarehe 30 Minneapolis ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri, na upepo ukaifanya ngozi iisikie baridi iliyo mbaya zaidi ya hiyo. Shule nyingi za jimbo zilifungwa. Shirika la posta, ambalo watu wa huku hulisifu kwa kutokatisha kazi kwa hali yoyote ya hewa, lilisimamisha kupeleka barua. Mama husimulia kwamba siku hizo yeye na wanawe walipokezana zamu kila baada ya saa chache, kwa sababu vipasha maji vilikuwa vinashindwa na barafu ilikuwa ikirudi wakiwa bado wanaitazama. Hakumpoteza farasi hata mmoja. Anasema hivyo bila majivuno, kisha huongeza kwamba jirani mmoja alikuja na trekta kufungua njia bila kuitwa, na kwamba bado anadaiwa chai na jirani huyo. Yaani yeye ndiye anayejiona mdeni. Namna hiyo ya kuzungumza nimeizoea kwake: kila akisimulia shida, husimama mahali alipopata msaada.

Yuko pale farasi jike mzee, mwekundu wa kahawia, ambaye meno yake yamekwisha. Farasi wa umri wake hutafuna nyasi, akashindwa kuzisaga, akaziangusha chini zikiwa tonge lililolowa mate. Ukiona matonge hayo karibu na hori ujue kwamba anayekula hashibi. Na farasi asiyeweza kula nyasi ndefu amenyimwa moto wenyewe. Tunamlowekea chakula: nyasi zilizosagwa na kushindiliwa, pamoja na makapi ya viazisukari yanayobaki baada ya sukari kukamuliwa. Minnesota ndilo jimbo linaloongoza Marekani kwa zao hilo, na makapi yake ni laini, yana nyuzinyuzi, na yakilowekwa hubeba maji mengi, hivyo mzee huyu anakula na kunywa kwa mkupuo mmoja. Inachukua muda. Ukiloweka mapema mno huganda, ukichelewa humkaba. Lazima usimame naye, kwa sababu wadogo wakimwona na ndoo humfukuza, na yeye hula polepole. Katika kazi zote za bandani hii ndiyo niliyoiomba iwe yangu. Juma zima nimewalisha wazee wa watu kwa kijiko, nao wana heshima yao na aibu yao, na familia zao ziko mbali kama yangu ilivyo mbali. Nikisimama karibu na jike huyu mzee, nikisikia anavyomumunya, naelewa vizuri zaidi kazi yangu ya Jumatatu. Haraka hailishi mtu.

Jike huyo huvaa blanketi, pamoja na punda mmoja anayekaa nao. Wengine hawavai. Jambo hili huzua mabishano makali kati ya wafugaji, maana blanketi likivalishwa farasi mwenye manyoya mazito huyalaza manyoya hayo, na likilowa humdhuru kuliko kumfaa. Punda ni suala jingine. Asili yake ni ukame wa Afrika. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 unaonyesha kwamba punda walianza kufugwa Afrika Mashariki kama miaka 7,000 iliyopita, na manyoya yake hayabadiliki kwa msimu kama ya farasi. Nilipomfunga kamba za blanketi kwa mara ya kwanza nilimwambia kwa Kiswahili kwamba sote wawili tumefika mbali. Nilikuwa namaanisha.

Kuhusu nani avae na nani asivae, jibu lililonigusa zaidi lilitoka Norway. Mwaka 2016 watafiti wa huko walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya na farasi 23. Waliwafundisha kutambua vibao vitatu vyenye alama tofauti: kimoja maana yake nivalisheni blanketi, kingine nivueni, cha tatu niacheni nilivyo. Wote walijifunza ndani ya majuma mawili. Kisha wakaachiwa wachague, na katika siku za mvua, upepo na baridi wengi waliomba kuvalishwa, siku za jua wakaomba kuvuliwa. Nilipousoma utafiti huo nilikaa nao muda mrefu. Kwa maelfu ya miaka tumewapanda, tumewatandika, tumewaendesha vitani, na kumbe walikuwa na maoni kuhusu hali ya hewa ambayo hakuna aliyefikiri kuyauliza. Tangu hapo nikiingia bandani natazama zaidi kabla ya kugusa. Nani anatetemeka, nani amesimama peke yake, nani amegeuza matako kuelekea upepo na kuinamisha kichwa. Hawana vibao, lakini wanasema.

Sitaki mtu asome haya akadhani baridi ni shule nzuri ya roho na basi. Baridi inaumiza. Ngozi ya mikono hupasuka hadi damu. Barafu ya uani imewavunja nyonga watu wenye nguvu kuliko mimi, na farasi pia huteleza, hasa theluji inapogandamana chini ya kwato hadi anatembea juu ya matonge ya barafu. Fundi wa kwato huwavua wengi viatu vya chuma msimu unapoanza ili kupunguza hilo, na sisi hutawanya majivu au mchanga njiani. Gharama nazo ni nzito. Mwaka 2021 ukame uliikausha Minnesota, nyasi zikaadimika, na bei yake ikawalazimisha baadhi ya watu kuuza wanyama waliowalea tangu wangali watoto. Shukrani ya mtu aliyejaza ghala si sawa na ya mtu anayehesabu marobota yaliyosalia mwezi wa Februari huku majani ya kwanza yakiwa hayatarajiwi hadi Mei. Mama amepitia hali zote mbili. Mwaka ule wa ukame, anasema, kila robota alilolikata kamba alilinusa kwanza.

Siku hizi nami nalinusa. Nyasi njema zilizokaushwa vizuri hutoa harufu ya jua, na zenye ukungu hukohoza farasi na kumharibia mapafu, kwa hiyo pua inafanya kazi halisi hapo. Lakini mara nyingi nanusa kwa sababu tu robota hilo lilikatwa Juni, na mtu fulani alikimbizana na mvua ili liwe kavu, akalifunga na kulipanga ghalani wakati hakuna aliyekuwa akiifikiria baridi. Sasa ni Februari na linawaka ndani ya mnyama. Watu walionihifadhia mambo yangu kwa namna hiyo ni wengi: shangazi aliyenilipia karo ya mwaka wa mwisho, mzee wa mtaani aliyenifundisha kuandika barua ya kuomba kazi, mwenzangu wa Mombasa aliyenipa koti lake zito juma nililofika huku bila kujua lilivyo jambo la uhai. Wengine sikuwahi kuwaambia neno. Nimeanza kuwapigia simu, mmoja mmoja, nikiwa ndani ya gari kabla ya kurudi mjini, vidole vikianza kupata hisia. Shangazi alidhani nimepata msiba.

Jike mzee ameanza kupukutika. Baridi bado ni nyuzi 20 chini ya sifuri, lakini mchana umerefuka, na kwenye burashi hubaki manyoya mekundu ya kutosha kujaza mkono. Namba yake ubaoni ni 4, imepanda kutoka 3 ya Desemba. Tumekubaliana na Mama kwamba ataendelea na ndoo yake ya makapi hadi majani mabichi yatakapoota, na kwamba nyasi za msimu ujao ziagizwe mapema, robo zaidi ya mwaka jana, kwa mkulima yuleyule. Zitakatwa Juni mvua ikiruhusu. Nimeshaomba ruhusa kazini kwa ajili ya siku za kupakia.